Jinsi ya Kumlinda Mtoto dhidi ya Ukatili wa Mtandaoni, kuanzia Simu ya Nyumbani hadi Dawati la Polisi

Mzazi anayetaka kumlinda mtoto wake mtandaoni kwa kawaida huanza kwa kuuliza programu ipi aiweke kwenye simu au tovuti ipi aifunge. Swali hilo lina nafasi yake na litajibiwa hapa chini, lakini silo la kwanza. La kwanza ni hili: siku mtoto huyu atakapotishiwa na mtu aliye na picha yake, atanijia au atanificha? Anayewadhulumu watoto mtandaoni hutegemea zaidi ya yote hofu waliyonayo kwa wazazi wao. Humwambia mtoto, "Nitampelekea mama yako," na mtoto, akikumbuka jinsi mama alivyofoka kwa kosa dogo kuliko hilo, huchagua kutii. Hatua zilizoelezwa hapa, hata zile za kubonyeza vitufe vya simu, hazitafaa kitu kama hofu hiyo haijapunguzwa kwanza.

Sheria na ofisi zinazotajwa ni za Tanzania Bara, kwa hiyo msomaji aliye Kenya au Uganda atatakiwa kuzitafuta zinazolingana nazo kwake. Hata hivyo namba ya simu ya bure ya kusaidia watoto, yaani 116, inatumika katika nchi zote tatu.

Ukatili wenyewe na wanaoufanya

Mwaka 2022 mashirika ya ECPAT (mtandao wa kimataifa unaopinga unyonyaji wa watoto kingono), INTERPOL na UNICEF yalichapisha utafiti kuhusu Tanzania ulioonyesha kwamba asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamefanyiwa ukatili mkubwa wa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja, idadi inayokadiriwa kufikia watoto 200,000. Jambo la kuzingatia zaidi katika utafiti huo ni kwamba mara nyingi aliyetenda alikuwa mtu ambaye mtoto tayari anamfahamu. Wazazi wengi hupoteza nguvu wakimhofia mgeni wa mbali asiyejulikana, huku mwalimu wa tuisheni anayemwandikia binti saa nne usiku, jirani anayemtumia bando, au kaka wa ukoo aliyempa simu yake ya zamani wakichukuliwa kuwa watu wema wanaosaidia.

Ukatili huo una sura kadhaa. Upo wa mtu mzima kumzoesha mtoto polepole, kwa salamu, sifa, vocha na zawadi ndogondogo, mpaka mtoto aone kuombwa picha ya mwili wake ni jambo la kawaida. Upo wa kumtishia kwa picha aliyokwisha kuituma, ili atume nyingine, atoe fedha au akubali kukutana. Upo wa wanafunzi wenzake kumsimanga katika kundi la WhatsApp, kumfungulia akaunti feki au kusambaza video yake. Upo wa kumwonyesha mtoto video za ngono kwa makusudi, na katika hilo wale wanaorushiana video za "koneksheni" kwenye makundi ya Telegram na WhatsApp bila kujali simu zao zinashikwa na nani wanachangia kuliko wanavyokiri. Siku hizi upo pia wa picha za kughushi kwa akili mnemba, ambapo uso wa mtoto uliochukuliwa kwenye stetasi ya shangazi yake hubandikwa kwenye mwili wa mtu mwingine ulio utupu. Mtoto wa namna hiyo hajatuma chochote, lakini hutishika na kuaibika kama aliyetuma, na anastahili msaada uleule.

Wavulana wasisahauliwe. Nyumba nyingi humlinda binti na kumwacha kijana wa miaka 15 afanye atakavyo, ilhali watu wanaotafuta fedha kwa vitisho vya picha huwalenga sana wavulana wa umri huo, kwa kujifanya msichana mrembo anayetaka urafiki. Kijana aliyefundishwa kwamba mwanaume halii huona ni afadhali aibe fedha za nyumbani kuliko kusema.

Simu inayoshikwa na kila mtu

Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu usalama wa watoto mtandaoni huchukulia kwamba mtoto ana simu yake mwenyewe. Katika nyumba nyingi za kwetu mtoto hutumia simu ya mama ikiwa kwenye chaji, ya baba siku za mapumziko, au ya dada wa kazi wakati wazazi wapo kazini. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuitengeneza simu ya mtu mzima.

Anza na WhatsApp. Kwa kawaida programu hiyo hupakua yenyewe picha na video zinazotumwa na kuzihifadhi kwenye matunzio ya simu, hivyo video chafu iliyorushwa na mtu mmoja katika kundi la watu mia mbili inaweza kuonwa na mtoto wa miaka sita aliyefungua picha kutafuta za sikukuu. Nenda kwenye mipangilio, uzime upakuaji wa moja kwa moja na uhifadhi wa picha kwenye matunzio, kisha ujiondoe katika makundi ambayo usingependa mwanao ayasome. Katika sehemu ya faragha, chagua kwamba watu unaowafahamu tu ndio waweze kukuingiza kwenye kundi na kuiona picha yako. Kama simu ni ya mtoto mwenyewe, fanya hivyohivyo, na uongeze kunyamazisha simu zinazopigwa na namba zisizojulikana.

Kwenye simu za Android ipo programu ya bure ya Google iitwayo Family Link, inayomwezesha mzazi kuidhinisha kila programu inayopakuliwa na kuweka kikomo cha muda. TikTok ina utaratibu wa kuunganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto, na kwa wenye umri chini ya miaka 16 huifanya akaunti kuwa ya faragha tangu mwanzo na kuzuia ujumbe wa siri. Instagram ilianza mwaka 2024 kuwaweka vijana walio chini ya miaka 18 katika akaunti zenye ulinzi maalumu. Ulinzi huu wote hutegemea tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa wakati wa kujisajili. Mtoto wa miaka 12 aliyejiandika kuwa na miaka 20, pengine kwa kusaidiwa na mzazi aliyetaka amalize haraka, huhesabiwa na programu kuwa mtu mzima na hapewi kinga yoyote. Programu hizi, pamoja na Facebook na WhatsApp, zinataka mtumiaji awe ametimiza walau miaka 13. Aliye chini ya hapo asifunguliwe akaunti, na aliyefikia umri huo aandikwe umri wake wa kweli.

Gemu zinahitaji uangalizi ambao hazipewi. Free Fire na nyingine zinazochezwa na watu wengi kwa pamoja zina sehemu ya kuandikiana na kuongea kwa sauti, na mtoto anayedhaniwa kuwa anacheza tu huenda anazungumza na mtu mzima aliyeahidi kumnunulia almasi za gemu. Zima sauti na ujumbe kutoka kwa wasio marafiki, au cheza naye mara mbili tatu ili uwajue anaocheza nao. Kuhusu vibanda vya gemu vya mtaani, uliza nani anakaa pale jioni, kwa kuwa huko hakuna mpangilio wa simu utakaokusaidia.

Miezi ya hatari

Shule zetu haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, na hilo limewafanya wazazi wengi waamini kwamba suala hili limeshatatuliwa. Kinachotokea ni kwamba mtoto aliyeishi miezi mitano bila mtandao anakabidhiwa simu mwezi Juni au Desemba, mara nyingi wazazi wakiwa kazini mchana kutwa. Kipindi kirefu zaidi humpata aliyemaliza darasa la saba mwezi Septemba au kidato cha nne mwezi Novemba, ambaye hukaa nyumbani kwa miezi kadhaa akisubiri matokeo au shule mpya, akiwa na upweke na muda mwingi. Kama kuna wakati wa kukaa na mtoto na kuzungumza naye kwa kina, ni wiki ya kwanza ya likizo, kabla hajapewa simu. Kumpa kwanza ndipo umpe masharti baadaye hugeuza mazungumzo kuwa ugomvi.

Yasemwe yapi, na kwa umri upi

Mtoto mdogo wa miaka minne hadi saba hahitaji kuelezwa uhalifu. Anahitaji kuzijua sehemu za mwili wake kwa majina, kujua kwamba hakuna mtu anayepaswa kumpiga picha akiwa hana nguo, na kwamba siri yoyote ambayo mtu mzima amemwambia asiwaambie wazazi ni ya kusemwa siku hiyohiyo. Hilo la siri ni muhimu kuliko mengine, kwa sababu mhalifu hawezi kuendelea bila hiyo.

Mtoto wa miaka minane hadi kumi na miwili aelezwe kwamba picha na majina ya akaunti hayathibitishi kitu, kwamba jina la shule, mtaa na njia anayopita havitajwi kwa mtu asiyemfahamu ana kwa ana, na kwamba anayetoa zawadi bila sababu huwa na jambo analolitaka. Afundishwe pia kublok na kuripoti kwa mkono wake mwenyewe, mkiwa mmekaa pamoja, maana mtoto aliyewahi kufanya jambo hulifanya tena kwa urahisi akiwa na hofu.

Kwa kijana, vitisho vya jumla havisaidii. "Usitume picha za utupu, utaharibikiwa maisha" ni sentensi inayompa mhalifu maneno ya kutumia, kwa kuwa baada ya kosa moja kijana huamini kwamba maisha yameharibika kweli na hana tena cha kuokoa. Mwambie badala yake kitu cha namna hii: "Sitaki utume picha za namna hiyo, na unajua sababu. Lakini ikitokea umetuma, hata kama ni wewe uliyeanza, njoo kwangu siku hiyo. Sitakupiga na sitakunyang'anya simu. Tutashughulika na huyo mtu." Baada ya kusema hivyo, ahadi hiyo lazima itimizwe, hata siku ambayo kosa litakuwa dogo la kuangalia kitu asichopaswa. Watoto hupima kwa mambo madogo kabla ya kuleta makubwa.

Si kila mzazi anaweza kuongea hivi na mwanawe, na katika familia zetu si lazima awe yeye. Shangazi, mjomba au bibi wana nafasi ambayo mila imewapa tangu zamani ya kuzungumza mambo ambayo baba huona haya kuyataja. Muulize mtoto waziwazi, "Ukishindwa kuniambia mimi, utamwambia nani?" Akishamtaja, mwone mtu huyo, umweleze yaliyo katika mwongozo huu, na mkubaliane kwamba hatamsimanga mtoto wala kulitangaza jambo lake kwenye kikao cha ukoo.

Dalili za mtoto anayesumbuliwa ni za kawaida mno kuweza kutegemewa zikiwa peke yake, lakini kadhaa zikija kwa pamoja zisipuuzwe: kuigeuza simu haraka mtu anapokaribia, kuwa na vocha au vitu ambavyo hujui vimetoka wapi, kukosa usingizi, kukataa shule ghafla, kushtuka kila ujumbe unapoingia. Akiomba fedha kwa haraka bila sababu inayoeleweka, hasa mvulana, ulizia kwa upole siku hiyohiyo.

Akikuambia, au ukigundua

Sentensi yako ya kwanza ina uzito kuliko zote zitakazofuata. Sema, "Umefanya vizuri kuniambia, na kosa ni la huyo mtu." Usiulize kwa nini alituma. Mtoto atalisikia swali hilo kama hukumu, naye atakata maelezo nusu na kukuacha bila habari utakazozihitaji. Msikilize mpaka amalize, kisha uulize mambo machache tu: ni nani, kupitia programu gani, tangu lini, na kama wamewahi kukutana. Maelezo ya ndani zaidi yaachwe kwa afisa aliyefunzwa kuwahoji watoto, kwa kuwa kumhojihoji mtoto mara nyingi kunamuumiza na kunaweza kuuharibu ushahidi.

Usifute kitu, hata kama moyo unakuuma kukiona. Piga picha za skrini za mazungumzo na vitisho, zikionyesha tarehe na saa. Andika jina la akaunti kama lilivyo, nakili kiungo cha ukurasa wake, kwa kuwa jina linaloonekana juu hubadilishwa kwa sekunde, na uandike namba za simu kamili pamoja na msimbo wa nchi unaotangulia namba. Kama fedha zilitumwa kwa M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au huduma nyingine, hifadhi ujumbe wa muamala, kwa sababu una kumbukumbu namba na jina la aliyesajiliwa. Laini husajiliwa kwa alama za vidole, na ingawa wahalifu hutumia laini za watu wengine, polisi wanapata pa kuanzia.

Hapa kuna tahadhari ambayo wazazi wengi hawaijui. Picha za utupu za mtoto zenyewe usizinakili, usimtumie mwalimu, usimtumie mjomba aliye polisi, wala usiziweke kwenye kundi la familia "ili wajue". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 13, inaharamisha kuchapisha au kusambaza ponografia ya watoto, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 50 au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote kwa pamoja. Aliyetuma kwa nia njema naye huwa amesambaza, na mtoto huongezewa watu waliomwona. Peleka simu yenyewe kituoni kama ilivyo.

Usilipe. Anayelipwa mara ya kwanza amejifunza kwamba fedha zipo, naye atarudi. Kama umeshalipa, acha sasa, wala usimlaumu mtoto aliyelipa kabla yako. Usimtukane mhalifu, na usijifanye mtoto ili umvute mkutane sehemu umkamate. Kazi hiyo ni ya polisi, na watu wamejeruhiwa kwa kuifanya wenyewe. Ushahidi ukishahifadhiwa, ripoti akaunti hiyo ndani ya programu kisha umblok.

Picha ikiwa imesambaa au inahofiwa kusambaa, ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa mwaka 2023 na NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaodhulumiwa, kwa ajili ya picha zilizopigwa mtu akiwa na umri chini ya miaka 18. Picha haitoki kwenye simu. Huduma huitengenezea alama ya kidijitali, na kampuni zilizojiunga, zikiwemo Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat, huitumia alama hiyo kuitambua na kuiondoa kwenye majukwaa yao. Haifanyi kazi ndani ya mazungumzo ya siri ya WhatsApp, kwa hiyo haitoshi peke yake, lakini ifanywe mapema bila kusubiri kesi.

Kama mtoto amekutana na mhalifu na kuingiliwa, mambo ya simu yasubiri. Mpeleke hospitali haraka bila kuoga na bila kufua nguo alizovaa, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Kwingine utapitia kituo cha polisi kuchukua fomu ya PF3, yaani fomu ya polisi ambayo daktari huijaza.

Pa kuripoti

Namba 116 hupigwa bure, na kwa Tanzania huduma hiyo inaendeshwa na shirika la C-Sema. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga, nawe unaweza kupiga kuomba ushauri hata kabla ya kuamua la kufanya. Kwa uhalifu, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, ukiwa na simu na maelezo uliyoyaandika. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ashirikishwe mapema, kwani ndiye atakayemfuatilia mtoto baada ya polisi kumaliza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake, kwa hiyo mwalimu au jirani anayejua na kunyamaza asidhani kuwa hayamhusu.

Mhalifu akiwa ndugu au mtu wa mtaani, wazee watakuja na pendekezo la kumalizana kifamilia, pengine na fidia juu yake. Wengi wao hutaka amani kweli. Tatizo ni kwamba simu ya mhalifu bado ina picha, hakuna aliyeichukua kuichunguza, na mtoto atakutana naye kila sherehe ya ukoo akijua kwamba thamani yake iliafikiwa kwa fedha. Kataa kwa adabu, useme jambo limeshafika kwenye Dawati.

Kwa usimangaji kati ya wanafunzi, anza na shule, ukitaka mazungumzo na mzazi wa mtoto mwingine mbele ya mwalimu. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinahusu unyanyasaji huo pia, lakini mtoto mwenzake aliyetuma matusi huhitaji kurekebishwa zaidi ya kushtakiwa, isipokuwa kama kuna picha za utupu au vitisho vya kudhuru.

Shule zenyewe ziangaliwe. Picha za wanafunzi wakiwa na sare yenye jina la shule huwekwa kwenye kurasa za matangazo kila wiki, mara nyingi bila mzazi kuulizwa. Kenya, mwezi Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliipiga shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mzazi ana haki ya kuandika barua kwa mkuu wa shule akitaka picha ya mwanawe iondolewe. Mzazi anayeandika barua hiyo aangalie kwanza stetasi yake mwenyewe.

Baada ya kuripoti

Usiondoke kituoni bila namba ya RB, yaani namba ambayo taarifa yako imeandikishwa polisi, na jina la mpelelezi, na uandike tarehe ya kila unapokwenda. Jalada likikaa muda mrefu bila hatua, mwone mkuu wa polisi wa wilaya, au omba msaada wa kisheria wa bure kwa TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania), kwa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, au kwa msaidizi wa kisheria wa kata yako. Wakati huohuo mrudishie mtoto maisha yake ya kawaida kadiri inavyowezekana: shule, marafiki, na simu pia, mipangilio ikiwa imerekebishwa mkiwa wawili. Kama simu imebaki polisi kwa ushahidi, mweleze kwamba imeshikiliwa kwa ajili ya kumkamata mhalifu, na mpe muda wa kutumia yako akiwa karibu nawe, asije akahesabu kwamba kusema ndiko kulikomfanya aipoteze.